Nyasi Zilikwisha Kabla ya Udongo: Ujenzi wa Kigusii Ukitazamwa Kutoka Kiogoro

Ukiuliza ni nini kilichoiondoa nyumba ya msonge katika nchi ya Wagusii, utajibiwa haraka kwamba ni maendeleo: watu walipata mabati na matofali, wakauacha udongo. Jibu hilo halisimami, kwa sababu udongo haujaachwa. Katika wadi ya Kiogoro, eneo bunge la Nyaribari Chache, hatua chache kutoka mji wa Kisii, kuta za fito na udongo zingali zinakandikwa, ila sasa zina pembe nne na juu yake kuna mabati. Hata tofali la kuchoma, ambalo ndilo fahari ya kijana anayejenga leo, ni udongo wa bondeni uliopitishwa motoni. Kilichoondoka kwanza ni paa. Paa likaondoka na umbo, na umbo likaondoka na utaratibu mzima wa kugawana kazi, ardhi na heshima. Hoja yangu ni kwamba mfumo wa zamani haukushindwa na ufundi ulio bora kuliko wake. Uliishiwa na mahali pa kuotesha nyasi.

Tuanze na nyumba yenyewe. Enyomba ilikuwa ya mviringo, haina dirisha, na paa lake la nyasi lilichongoka. Duara ni umbo rahisi kulipima, kwa kuwa kigingi kimoja na kamba vinatosha. Nguzo zilichimbiwa kulizunguka duara hilo, fito nyembamba zikafungwa kwa kulala upande wa nje na wa ndani, na nafasi iliyobaki ikajazwa udongo uliokandwa kwa maji na kusindiliwa kwa mikono. Ukishakauka, ukuta ulipakwa mchanganyiko laini wa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Nyuzinyuzi za majani yaliyosagwa tumboni mwa ng'ombe huushika udongo usipasuke. Sakafu ilipakwa vivyo hivyo, na kupaka huko hakukuwa na mwisho.

Fundi anayejua kazi yake ataona haraka kwa nini duara lilifaa. Ukuta wa udongo huanza kuachia kwenye pembe, na duara halina pembe. Uzito wa makombamoyo ya paa lililochongoka husukuma ukuta kuelekea nje, na katika duara fito zinazouzunguka ukuta zinafanya kazi ya mkanda, zikiurudisha msukumo huo ndani. Udongo wenyewe haukubeba paa. Nguzo na fito ndizo zilizobeba, na udongo ulizuia upepo, baridi na macho ya watu.

Kisii si mahali pa kufanyia mzaha na paa. Mji uko katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, na mvua ya mwaka hupita milimita 1,500, mara nyingi ikija alasiri pamoja na radi na mawe. Nyasi hazizuii maji kwa kuwa ngumu. Huyazuia kwa kuyatelezesha kutoka unyasi mmoja hadi mwingine mpaka yadondoke chini, na hilo halifanyiki paa likiwa limelala. Ndiyo maana paa lilikuwa na mteremko mkali na upenu wake ukashuka chini. Upenu huo uliulinda ukuta pahali unapodhurika zaidi, yaani karibu na ardhi, ambapo tone la mvua likidunda huurushia udongo maji kila siku.

Kisha kuna moshi. Mafiga yalikuwa ndani ya nyumba, na moshi haukuwa na pa kutokea ila kupenya nyasi polepole. Ulizikausha nyasi kutoka ndani, ukawafukuza wadudu, ukazipaka fito masizi ambayo mchwa hawayapendi, na ukahifadhi nafaka na kuni zilizowekwa kwenye uchaga juu ya moto. Nyumba iliyopikiwa kila siku ilidumu kuliko nyumba iliyokaa bila moto. Lakini anayewasifu wazee kwa hili bila kukumbuka macho mekundu ya bibi yake na kikohozi cha watoto hajasema yote. Jiko lilipohamishiwa kwenye kibanda chake, wanawake wakavuta pumzi, na nyumba kubwa ikapoteza kinga yake. Panya na mchwa wakaja. Mara nyingi lawama huangukia udongo, ilhali kilichobadilika ni mahali pa moto.

Nadhani jambo la kutazama kwa makini zaidi ni ardhi ambayo mfumo huo uliisimamia. Mashamba ya Gusii yalikatwa kama mikanda inayoanzia mgongoni mwa kilima na kuteremka hadi kijitoni. Mkanda mmoja ulikuwa duka zima la vifaa vya ujenzi. Juu, penye nyumba, ulikuwapo udongo mwekundu wa kina kirefu uliotokana na miamba ya kale ya volkano, mfinyanzi usiovimba ovyo, unaofaa sana kukandikwa. Katikati kulikuwa na malisho na nyasi ndefu. Chini, kandokando ya maji, kulikuwa na miti na udongo wa kijivu wa kufinyangia vyungu. Mwenye boma hakununua chochote. Alihitaji nafasi, na alihitaji watu.

Watu walipatikana kwa risaga, utaratibu wa majirani kukusanyika kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, huku mwenye kazi akiandaa pombe na chakula. Mwanaanthropolojia Philip Mayer aliuandika mfumo huo kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiutazama zaidi katika kilimo, lakini mantiki yake ilikuwa ileile katika kujenga: kazi inayomshinda mtu mmoja kwa mwezi humalizwa na ishirini kwa siku chache. Wanaume walikata miti, wakasimamisha nguzo, wakaezeka. Wanawake walikata na kubeba nyasi, wakateka maji, wakakanda na kupaka. Ukipima kwa jasho, sehemu kubwa ya nyumba ilikuwa ya wanawake. Hata kisheria iliwaelekea wao, kwa sababu kila mke alikuwa na nyumba yake, na nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa na mashamba, ng'ombe wa mahari ya binti zake, na warithi wake. Mume hakuwa na nyumba ya kulala ya peke yake. Alizunguka kwa wake zake.

Mpango wa ndani ulifuata mahusiano hayo. Upande mmoja, eero, ulikuwa wa mume na wageni wake. Upande wa pili, uliokingwa kwa ukuta mwepesi, ulikuwa wa mke, penye mafiga na malazi. Uani kulisimama ghala za wimbi zilizoinuliwa juu ya miguu, ebiage, zisifikiwe na unyevu wala panya. Kijana akishatahiriwa hakulala tena chini ya paa la mama yake, alijengewa esaiga, nyumba ya vijana. Na kulikuwa na chinsoni, kanuni za haya na heshima kati ya vizazi, ambazo zilimzuia baba kuingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kanuni hizo hazikutundikwa juu ya jengo kama pambo. Ndizo zilizoamua ni nyumba ngapi zijengwe bomani na zisimame wapi, na kwa hiyo ndizo zilizopanga kiasi cha miti na nyasi kilichohitajika. Boma la wake watatu na vijana wanne lilikuwa na mapaa mengi, na kila paa lilidai nyasi mpya baada ya miaka michache.

Wakoloni waliukuta mfumo huu ukiwa na nguvu. Msafara wa kwanza wa kijeshi wa Waingereza ulifika Gusii mwaka 1905. Mwaka 1908, baada ya Mgusii aitwaye Otenyo kumchoma mkuki ofisa wa kikoloni G.A.S. Northcote, ulikuja mwingine uliochoma maboma na kuswaga ng'ombe. Nyumba za fito zilijengwa tena. Hilo nalo ni sifa ya mfumo isiyotajwa sana: nyumba ambayo vifaa vyake viko shambani na mafundi wake ni majirani huinuka upya haraka baada ya janga, bila mkopo. Pigo zito zaidi lilikuja kimyakimya. Karibu mwaka 1913 serikali ilipiga marufuku ebisarate, kambi za mifugo ambako vijana walilinda ng'ombe mbali na maboma. Vijana na ng'ombe wakarudi nyumbani, na nyika zilizolishwa kwa pamoja zikaanza kugawanywa kuwa mashamba ya kulima. Miaka hiyohiyo Wakatoliki walikaa Nyabururu na Waadventista Nyanchwa, na majengo yao ya pembe nne yakawa kielelezo cha makao ya msomi.

Lakini kielelezo peke yake hakibadilishi nyumba za watu. Pesa zinabadilisha. Katikati ya miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa. Baadaye yakaja pareto na chai. Mazao hayo yalifanya mambo mawili kwa mkupuo mmoja: yalileta fedha za kununulia mabati, na yalilima mahali palipootea nyasi. Tukitaja la kwanza tukasahau la pili, tunaiona historia hii kama watu waliochagua kitu kizuri zaidi dukani. Kwa hakika waliuza paa moja ili kununua jingine.

Bati lina tabia yake. Ni kipande kilichonyooka, chenye pembe nne, kisichopinda kufuata pia ya msonge bila kukatwakatwa na kuvuja. Anayetaka bati hana budi kuwa na ukuta ulionyooka. Kwa hiyo umbo la nyumba ya Gusii liliamuliwa kiwandani kabla halijaamuliwa kichwani mwa mwenye nyumba. Si jambo geni katika Afrika Mashariki. Kule Lamu na miji mingine ya mwambao, upana wa chumba katika nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, karibu mita mbili na nusu hadi tatu, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Kifaa kinachofunika nafasi ndicho kinachoigawa.

Tusiliseme bati vibaya kupita kiasi. Lina joto mchana, lina baridi usiku, na mvua ya mawe ikipiga hamsikilizani, lakini lilileta maji. Maji yaliyopita kwenye nyasi ni ya kahawia na yananuka moshi, hayanyweki. Maji ya bati yanaingia tangini. Kwa mwanamke aliyekuwa akipanda mlima na mtungi kutoka chemchemi, mfereji wa bati ni mapinduzi makubwa kuliko ukuta wa aina yoyote. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya kaya nchini Kenya zinaishi chini ya mabati, na kaya zenye paa la nyasi zilikuwa kama asilimia 5 tu. Wakati huohuo zaidi ya robo ya kaya zilikuwa na kuta za udongo. Takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinasema lile ninalolisema: paa liliondoka, ukuta ukabaki.

Sensa hiyohiyo iliipa Kaunti ya Kisii wakazi 1,266,860, yaani zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba. Ule mkanda wa shamba ulishagawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, kila mara kwa urefu ili kila mmoja apate barabara juu na maji chini, hadi baadhi ya vipande vikawa vyembamba kiasi kwamba paa la jirani linakudondoshea maji uani. Kiogoro, kwa kuwa iko mdomoni mwa mji, inabanwa zaidi na vyumba vya kupangisha. Hapo msonge hauna nafasi hata ungetakiwa. Duara hupoteza ardhi katika kiwanja cha pembe nne, na nyasi za kuezekea nyumba moja zinahitaji uwanda ambao leo ungelisha familia. Ng'ombe nao wamepungua na kufungiwa zizini, hivyo hata kinyesi cha kupakia kinagombewa na migomba na nyasi za napia.

Tofali la kuchoma lilipata umaarufu katika hali hiyo. Udongo wa kinamasi unakandwa, unatiwa katika kibao, matofali yanaanikwa chini ya nyasi au majani ya migomba, kisha yanapangwa kuwa tanuri lenye matundu ya kuni chini, linakandikwa nje na kuchomwa siku kadhaa. Kazi hii inawapa vijana wengi riziki, na sina haki ya kuibeza. Lakini hesabu yake kwa shamba ni ngumu. Tofali linachimba bonde na linakula mti, na mti wenyewe ni mkaratusi, uliopandwa mabondeni kwa sababu unakua haraka, nao unanyonya maji ya vijito vilevile. Matofali ya katikati ya tanuri huiva, ya pembeni hubaki mabichi, na mnunuzi asiyejua huuziwa yote kwa bei moja. Ukuta wa matofali mabichi usiopigwa plasta huliwa na mvua ya Kisii kwa kasi isiyopungua ile ya ukuta wa fito.

Kuna swali la nguvu ambalo watu hulimaliza kwa neno moja: "permanenti." Nyumba ya matofali na saruji ni permanenti, ya udongo si permanenti. Uturuki wanalo jibu la kuelimisha. Kwa karne nyingi mafundi wa Anatolia walijenga kwa mifumo miwili mikubwa ya udongo. Kerpiç ni tofali bichi la udongo na majani makavu. Hımış ni fremu ya mbao yenye nguzo, mihimili na mbao za mshazari, ambayo nafasi zake hujazwa matofali mabichi au mawe madogo kisha ukuta unapakwa. Mji wa Safranbolu, ulioingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994, umejaa nyumba za aina hii ya pili. Tarehe 17 Agosti 1999 tetemeko kubwa lilipiga eneo la Marmara nchini humo na kuua watu zaidi ya 17,000. Katika mtaa mmoja wa mji wa Gölcük uliochunguzwa baadaye, majengo 60 kati ya 814 ya zege iliyotiwa nondo, yenye ghorofa nne hadi saba, yalianguka au kuharibika vibaya. Kati ya nyumba 789 za jadi, za ghorofa mbili hadi tatu, zilizopata hali hiyo zilikuwa 4. Waliokufa katika zege walikuwa 287, katika nyumba za jadi 3.

Tofauti ya urefu inachangia, na mtu asitoke hapa akidai kwamba udongo unashinda zege. Kerpiç tupu, bila mbao, huporomoka vibaya sana katika tetemeko. Kilichookoa watu wa Gölcük ni fremu: mbao zilizofungana na kujazwa kitu kinachokubali kupasuka kidogo, kusuguana na kumeza nguvu ya mtikisiko bila kuanguka chote kwa pamoja. Fito za Gusii zinafuata kanuni iyo hiyo. Ukuta wake unaweza kuinama, kuachia kipande kizima cha udongo, na bado ukasimama kwa sababu mifupa yake haijavunjika. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliojengwa kwa tope badala ya saruji, bila mkanda wa zege juu ya madirisha ambao mafundi huuita linta, hauna mifupa. Unaonekana imara kwa sababu ni mzito. Kwa maoni yangu ni hatua ya nyuma katika ufundi, ingawa ni ya mbele katika hadhi.

Zege nalo, likitiwa katika mikono isiyo na hesabu, linaua. Novemba 2015 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mjini Kisii liliporomoka na kuua watu. Miezi michache baadaye, Aprili 2016, jengo la makazi la Huruma, Nairobi, likaanguka na kuua watu wapatao hamsini. Hakuna aliyesema baada ya hapo kwamba zege si permanenti. Tulisema, na ilikuwa haki kusema, kwamba mjenzi alikosea au mkaguzi alilala. Nyumba ya udongo haipewi nafasi hiyo. Ikianguka kwa sababu nguzo iliwekwa bila msingi, tunaushitaki udongo.

Sheria imechangia hukumu hiyo. Kanuni za ujenzi za mwaka 1968, zilizofuata mawazo ya Kiingereza, zilitaja vifaa badala ya kutaja kazi ambayo vifaa vinapaswa kufanya, na kwa hivyo ndani ya mipaka ya miji nyumba ya udongo ilikuwa kosa hata kabla haijajengwa. Marekebisho ya mwaka 1995 yalilegeza kwa kuuliza ukuta unabeba nini na unazuia nini. Hata kabla ya hapo, mwaka 1993, kilishatolewa kiwango cha Kenya cha matofali ya udongo ulioimarishwa kwa saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Tofali hilo linastahili kuzungumziwa zaidi Kiogoro kuliko mahali pengi, kwa sababu linataka udongo wa mlimani ulio chini ya tabaka la rutuba na haligusi kinamasi, wala halichomi gogo hata moja. Kizuizi chake ni mashine, saruji, na mtu wa kuupima udongo kabla ya kuanza. Udongo mwekundu wa Gusii una mfinyanzi mwingi, na bila kuchanganywa na mchanga tofali hupasuka likikauka. Anayenunua mashine bila kujua hilo atarudi kwenye tanuri akiwa na hasira.

Kwa anayebaki na ukuta wa fito, na wako wengi, marekebisho ni madogo na yanajulikana. Nguzo zisimame juu ya mawe au msingi wa zege zisioze usawa wa ardhi. Upenu wa bati utoke nje vya kutosha, kwa sababu mafundi wengi huukata mfupi ili kuokoa bati moja, na bati hilo moja ndilo linalouua ukuta. Mfereji uwekwe. Plasta iwe ya udongo wenye chokaa au saruji kidogo, isiwe saruji tupu, ambayo hukauka kuwa ganda lisiloshikana na udongo na kubanduka msimu wa pili.

Paa la msonge lenyewe sitarajii lirudi. Mtoto wa Gusii aliyetaka kuliona aliweza kupelekwa Bomas of Kenya, Nairobi, ambako boma la Kigusii lilijengwa miongoni mwa maboma ya makabila mengine. Huko msonge ulisimama bila mafiga yanayowaka na bila shamba la kuulisha nyasi, na kila ulipochakaa ulihitaji fedha ili uezekwe upya.